Mkwe Aliyekimbilia Mvuani

Mume wangu Anania alikuwa na kichwa kigumu, Mungu amrehemu, na hilo nalisema hata mbele ya ndugu zake. Mtoto wetu Eliezeri, fundi wa madaraja huko Mbeya, alipooa Mnyakyusa bila kutushirikisha, Anania alinuna kweli kweli. Nikamchosha kwa maneno mpaka akakubali: twende, amwone mkwe, na kama ni mtu wa watu ampe baraka zake. Eliezeri alikuwa anasubiri hicho tu.

Mwaka hamsini na nne huo, tukapanda basi Dodoma. Kwetu Ugogo mvua tunaiombea kanisani. Iringa tuliikuta inamwagika na watu wanaisonya. Miteremko yote tope tupu, na baridi, loo! Anania alijifunga blanketi juu ya koti, akaniuliza kama huku watu hungoja kufa ndipo waoge. Nilicheka mpaka kondakta akageuka. Mpaka hapo safari ilikuwa njema.

Mbeya mvua ilizidi, na mlima wote ulikuwa umemezwa na ukungu. Eliezeri hakuwepo kutupokea. Jirani aliyemtuma alisema daraja limesombwa na maji kule kusini, njia ya Unyakyusa, kaitwa kazini ghafla. Akatufikisha mlangoni, akapaza sauti kwa Kinyakyusa kwamba wakwe wamefika, akaenda zake.

Tusekile, mke wa Eliezeri, alikuwa anafagia. Kumwona tu Anania, alitupa fagio, akajifunika kanga usoni, akatokea mlango wa nyuma mbio hadi kwenye migomba. Mvua ile, jamani, na mimba yake kubwa!

Nikamfuata. Mimi alinipigia magoti kwenye tope, akanishika mikono, huku analia, huku anatabasamu. Kiswahili hakukijua. Alionyesha nyumba, akasema "tata, tata," kisha akajiziba macho. Sikujua kwamba kwao tata ni baba, sikuelewa kitu. Baadaye alileta ndizi zilizopikwa na nyama, akaziweka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akakimbia tena.

"Nawekewa chakula mlangoni kama mbwa?" Anania akafoka. "Mkwe gani ananikimbia kama nina ukoma?"

"Baba Eliezeri, mimi kanipokea vizuri. Tumsubiri mtoto atueleze."

"Huyu ameshanieleza. Chukua kikapu."

Kuuliza si ujinga, lakini kwa Anania kuuliza kulikuwa kushindwa. Tukaondoka bila kugusa chakula. Moyo uliniuma, na hadi leo unaniuma.

Tuliporudi Iringa tulijibanza kwa mama muuza chai, Damari, naye Mnyakyusa aliyeolewa huko. Anania, bado amefura, akamsimulia yote. Damari akatua birika.

"Yesu wangu! Baba, kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, wala hakai naye chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe. Angekaa akakukodolea macho, hapo ndipo angekutukana."

Anania akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Mama Eliezeri, turudi."

Kituoni wakatuambia barabara ya Mbeya imefungwa. Hakuna gari mpaka mvua ikatike. Tukasubiri, mvua haikukatika, tukashindwa.

"Kiangazi," Anania akasema. "Kiangazi nitakuja kumwomba radhi binti yule."

Kiangazi hakukiona. Kifua alichorudi nacho kilimlaza, na tulipompigia Eliezeri simu ya maandishi baba yake alikuwa hasemi tena. Eliezeri akaja na mkewe, mtoto mgongoni. Walifika asubuhi, Anania alikuwa amekata roho alfajiri ile ile.

Tusekile alisimama uani, amejifunika, hataki kuingia. Nikamshika mkono, nikamwingiza mpaka kitandani kwa Anania, nikaiondoa ile kanga kwa mkono wangu.

"Mtazame, mwanangu," nikamwambia. "Alitaka kukuona."

Alimtazama sana. Kumbe Kiswahili alikuwa amejifunza kidogo. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Watu wakainamisha vichwa. Marahaba ikabidi niitikie mimi.