Kamati Iliyokuwa Haijakutana

Nilipojiunga na Ndaki ya Sera za Umma, kitivo kichanga cha chuo kikuu chetu, tulikuwa wanafunzi kumi na tisa, na tulisomea kwenye baraza la watu wa Sheria, kwa hisani yao, mpaka mvua inyeshe. Leo nimehitimu, nimeajiriwa hapo hapo kuwa mwalimu msaidizi, na ndaki ina wanafunzi mia nne na sita, jengo lake la ghorofa mbili, na mashine ya fotokopi inayotoa kurasa pande zote mbili. Nayasema haya kwa majivuno kidogo, mnisamehe. Aliyemwona mtoto akitambaa hawezi kukaa kimya akimwona anakimbia.

Tatizo la mtoto anayekimbia ni kwamba nguo hazimtoshi. Mwaka huu tulianzisha kozi ya jioni kwa watu wenye kazi zao: wauguzi, maafisa wa mitaa, mafundi, hata mwenyekiti wa chama cha madereva. Walijiandikisha sitini na watatu, na mmoja wao alikuwa Shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani, na ni katibu wa kamati ya maji ya mtaa wake. Aliacha shule kidato cha pili ili baba yangu amalize. Nilimbembeleza miezi mitatu ajiunge, na alipokubali alinikazia macho na kusema, "Sikiliza, mwanangu. Nimejikaza mara moja. Mkiniambia mwakani, hamnioni tena. Aibu ya kurudi mara mbili siiwezi."

Basi Jumatano ikaja barua ya Msajili wa chuo kikuu: kozi yoyote isiyo na chumba kufikia Ijumaa saa sita mchana itafutwa katika orodha ya mwaka huu. Yetu ya jioni haikuwa nacho.

Rasi, mkuu wa ndaki yetu, aliisoma barua mara mbili, akaikunja. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kutuliza hata homa. "Sisi tunafundisha watu kutafuta ukweli kabla ya kulalamika," alisema. "Nendeni mkahesabu."

Tukahesabu. Mimi na mhadhiri wa takwimu, ambaye wanafunzi humwita Bwana Wastani, tulizunguka vyumba vyote kumi na viwili kila saa, Alhamisi asubuhi hadi jioni, karatasi mkononi. Vyumba kumi na kimoja vilikuwa vimejaa hadi madirishani. Katika kimoja mhadhiri alikuwa anafundishia mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama. Cha kumi na mbili, Ukumbi wa Juu, kilikuwa kimefungwa saa mbili, saa nne, saa nane na hata saa kumi na moja jioni. Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikaona viti mia na ishirini, bado vimevishwa nailoni za dukani.

"Kwa wastani," alisema Bwana Wastani akiniegemea ili naye aone, "ukumbi huu unatumiwa na watu sifuri."

Tulishuka mbio kwa mama anayepanga ratiba. Huyu hata Rasi humwita Mama Ratiba. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukatalia.

"Mama, Ukumbi wa Juu ni wa nani?"

"Wa kamati."

"Kamati gani?"

"Kamati ya Matumizi ya Vyumba." Alifungua daftari lake na kutuonyesha. Kila siku, kila saa, kwa miaka mitatu, kwa mwandiko safi: Kamati, Kamati, Kamati. "Jengo lilipofunguliwa, ukumbi ulikabidhiwa kamati. Asiingie mtu mpaka kamati ikutane na kuamua nani aingie."

"Na imekutana lini?"

"Haijakutana."

"Mbona?"

"Kila nikitaka kuwaita," alisema, na nadhani ndipo yeye mwenyewe aliposikia kwa mara ya kwanza anachosema, "vyumba vyote vimejaa."

Bwana Wastani alitoa mlio kama wa birika, akashika meza. Tulipomweleza Rasi, aliketi kwenye ngazi, mwanamke wa heshima zake, akacheka hadi machozi yakamtiririka. "Miaka kumi nafundisha namna sera zinavyokwama," alisema akijifuta. "Na mimi nimo kwenye kamati hiyo kwa cheo changu. Mama, soma wajumbe."

Mama Ratiba akasoma. Rasi. Mhadhiri wa takwimu, ambaye aliacha kucheka ghafla. Mkutubi, yuko likizo ya uzazi. Profesa wa utawala, amestaafu mwaka jana. Na mwakilishi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hapo aliinua macho juu ya miwani na kunitazama.

"Jina hili ni lako."

"Lakini mimi si mwanafunzi tena."

"Kanuni inasema mjumbe anabaki mjumbe mpaka kikao kitakachofuata. Kikao kitakachofuata hakijafuata."

Wajumbe watano, akidi wanne. Mkutubi alikuwa na kichanga cha siku sita. Kwa hiyo Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa mbele ya nyumba ya Profesa. Nilimkuta juu ya ngazi anapaka rangi dari ya sebule, kofia ya gazeti kichwani.

"Shikamoo, Profesa. Unaitwa kwenye kikao."

"Marahaba. Mimi nimestaafu, kijana."

"Kamati haijakutana kukuaga."

Aliacha brashi ikidondosha. "Kamati ya vyumba?" Sauti yake ilishuka. "Nilisubiri barua ya mwaliko mwaka mzima. Nikadhani mmeniona mzigo." Nilimweleza yote, na nikaona uso wake unakunjuka kama shuka linalokung'utwa. Alishuka ngazi kabla sijamaliza. Hakubadili hata viatu. Tulifika chuoni na ndara zake na vidole vyake vyeupe kwa rangi, saa tano na dakika thelathini na tano.

Mama Ratiba aligeuza ufunguo. Mlango ulilia. Tukaketi juu ya nailoni, na kila aliyejitikisa alitoa sauti kama anakula bisi.

"Tuanze na kumbukumbu za kikao kilichopita," alisema Profesa.

"Hakipo, Profesa," alisema Rasi.

"Basi yatokanayo."

"Hayajatokana."

"Kwa wastani," alisema Bwana Wastani akitazama saa, "kikao cha chuo hiki hutumia dakika tisini kwa ajenda moja. Tuna kumi na tisa."

Rasi aliweka hoja: Ukumbi wa Juu upewe kozi ya jioni, kila siku kuanzia saa kumi na moja. Alisema wanaoafiki wanyooshe mikono. Mkono wangu ulikuwa umeshafika begani, na ndipo ukanigandia.

Katika ndaki hii hii, kwenye baraza lile, tulifundishwa kwamba mwenye ndugu katika jambo hutangaza kwanza, kisha hutoka nje. Kwenye mtihani nilipata alama zote katika swali hilo. Lakini nikitoka nje tunabaki watatu, akidi inavunjika, na Shangazi anarudi kwenye cherehani yake moja kwa moja. Nikilimeza neno hili, nani atajua? Nilimwaza akiketi hapa kujifunza jinsi watu wanavyoamuliwa mambo yao na watu waliomeza.

"Kabla ya kura," nilisema, "natangaza. Katika wale sitini na watatu, mmoja ni shangazi yangu."

Nailoni zilinyamaza. Rasi alifumba macho. Bwana Wastani alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake akitoboa mtumbwi.

Profesa peke yake alikuwa anatabasamu. "Kifungu cha saba," alisema. "Nilikiandika mwenyewe, na walinicheka, wakasema hakuna atakayekitumia. Anayetangaza hapigi kura, lakini haondoki. Anabaki kitini na anahesabiwa." Alinigeukia. "Kaa hapo hapo, mwanangu. Shusha mkono."

Nikashusha. Mikono mitatu ikapanda, mmoja una rangi nyeupe.

Saa sita kasoro dakika saba. Mama Ratiba alikuwa ameshaandika azimio, akaligonga muhuri juu ya goti lake, na kabla hatujasimama yeye alikuwa nje. Sikujua kama mama yule anaweza kukimbia. Tulimfuata kwenye ngazi, Rasi viatu mkononi, Profesa akipiga ndara kama makofi, Bwana Wastani akitangaza dakika zilizobaki bila kuombwa. Wanafunzi walibana kuta kutupisha. Mmoja aliuliza kama kuna moto, na Rasi akamjibu bila kusimama, "Kuna kikao."

Karani wa Msajili alikuwa anavuta kalamu kuifuta kozi yetu. Mama Ratiba alilaza karatasi juu ya mkono wake. Karani alisoma, akaangalia saa ya ukutani, akawaangalia watu watano wanaohema mbele yake, mmoja na kofia ya gazeti.

"Imo," alisema.

Sitasema nani alimkumbatia nani.

Jumatatu saa kumi na moja jioni nilitumwa kufungua somo la kwanza. Nailoni tulizibandua wenyewe, na watu waliendelea kuingia hadi nikaacha kuwahesabu. Shangazi aliketi mstari wa mbele, utepe wa kupimia bado uko shingoni, daftari jipya limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Nilianza na maana ya sera kama nilivyokariri. Sikufika mbali. Aliinua mkono.

"Mwalimu, maji yakikatwa mtaani wiki mbili, kuna mtu ameamua. Ni nani, aliamulia wapi, na sisi tulipaswa kuwa tumeketi wapi siku hiyo?"

Nilishika chaki. Nililiandika swali lake juu kabisa ya ubao, neno kwa neno, na nilipogeuka muuguzi mmoja alikuwa ameinua mkono, na nyuma yake dereva, na nyuma ya dereva mikono mingine. Ubao ulijaa kabla ya saa kumi na mbili. Nikamwomba mtu wa karibu na mlango akaniletee mwingine.