Inchi Tatu za Mwalimu Mkuu

Mimi nilijua kompyuta, shangazi alijua nguo. Ndivyo tulivyogawana kazi kwenye chumba chake cha ushonaji, na kwa miaka minne sikuona sababu ya kuutilia shaka mgawanyo huo.

Kompyuta ilikaa juu ya kabati la vitambaa, imefunikwa kipande cha pazia. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutunza vipimo vya wateja. Zipo programu za aina hiyo ambazo kila kitu hukaa kwenye mashine za kampuni fulani huko mbali, lakini shangazi alikataa katakata. "Viuno vya watu ni siri," alisema. "Haviendi kulala kwa watu nisiowajua." Kwa hiyo tuliweka ya kwetu, na kila toleo jipya lilipotoka, kulisimika ilikuwa kazi yangu. Nisiseme uongo, niliipenda. Nilikuwa nakunja mikono ya shati kama daktari.

Alhamisi hiyo asubuhi shangazi alikwenda kununua vifungo, nami nikaona nimalize kabla hajarudi. Katikati ya shughuli programu ikasimama na kuniuliza swali. Faili lenu la mipangilio, ilisema, halifanani na lililokuja na toleo hili. Ubaki na lenu, uchukue jipya, au uyaone yote mawili kwanza?

Kuona yote mawili ni kazi ya watu wenye subira. Mimi nilijua faili lile nimeliandika mwenyewe, tena haraka haraka, na halina la maana zaidi ya jina la duka na aina ya printa. Nikachukua jipya. Printa ikaitika, kadi za wateja zote zikawepo, nikajimiminia chai ya kujipongeza.

Shangazi aliporudi alitandaza mezani kitambaa cha Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mteja wake wa miaka ishirini, na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Jumamosi alikuwa anastaafu, na shule nzima ingekuwepo kumuaga. Kitambaa kilikuwa cha zambarau, kizito, mita nne kamili, mwanawe alimletea kutoka safarini na kingine kama hicho hakipatikani. Saa kumi jioni angekuja kuijaribu nguo. Kikikatwa vibaya, basi.

Shangazi akachapisha karatasi ya kukatia, akavaa miwani, akashika mkasi. Kisha akauweka chini.

"Kiuno thelathini na nne," alisoma.

"Ndivyo kadi yake inavyosema."

"Najua kadi inavyosema. Niliijaza mimi." Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Umeigusa kompyuta?"

"Nimeiboresha tu, shangazi."

"Na ile orodha yangu ya chini kabisa iko wapi?"

"Orodha gani?"

Akavuta kigoda, akakaa. Mwalimu Mkuu, alinieleza, anapopimwa huishika futi mwenyewe, huikaza mpaka anakaribia kuzimia, halafu hutangaza thelathini na nne. Shangazi huandika thelathini na nne, kwa sababu mteja anaiona kadi. Lakini kwenye faili la mipangilio mlikuwa na mahali pa kuweka nyongeza kwa wateja wapendao nguo pana, nyongeza inayotokea kwenye karatasi ya kukatia tu. Huko ndiko alikokuwa anauweka ukweli.

"Na ukweli unaupataje, kama hapimiki?"

"Namkumbatia akija. Mikono hii imeshona miaka mingapi?"

"Nani alikufundisha kuandika mle ndani?"

"Wewe. Ukifanya kazi unaongea peke yako. Mimi nilikuwa hapo napindisha ukosi."

"Basi niambie hiyo nyongeza, niiandike upya."

"Ningekuwa naikumbuka ningeiandika ya nini? Nilimkumbatia mwezi uliopita. Inaweza kuwa mbili, inaweza kuwa tano."

"Mpime leo kwa futi, umwambie ukweli."

"Miaka ishirini, baba," alisema taratibu. "Nianze leo?"

Hapo niliona aibu ya kweli. Nilipanda kwenye kiti, nikaanza kuchakura kompyuta jasho likinitoka. Bahati programu ilikuwa na akili kuliko mimi: faili letu haikulifuta, ililiweka kando na kuliongezea neno "zamani" mwishoni mwa jina. Nikalirudisha lote kama lilivyokuwa. Programu ikagoma hata kufunguka, kwani toleo jipya lilitaka mstari wa ukubwa wa karatasi, na faili letu halikuwa nao. La zamani halitoshi, jipya halitoshi. Ikabidi niyafungue yote mawili, moja kushoto, moja kulia, nisome mstari kwa mstari, yaani kile nilichoombwa asubuhi kwa lugha ya upole kabisa.

Orodha ilikuwa chini kabisa. Kila mteja alikuwa na namba, na pembeni yake maelezo ambayo mashine huyaruka. *Mhasibu, tumbo 5. Hubana pumzi nikimpima. Mke wa fundi bomba, nyonga 2. Husema nguo zimerudi. Mwalimu Mkuu, kiuno 3, nyonga 4. Alikuwa na huzuni ya kustaafu, nimkumbatie tena hata kama sipimi.*

Na chini yake: *Mtoto wa kaka, kiuno 4. Asijue, anajivunia sana.*

Niliusoma mstari huo mara mbili. Miaka minne nimewaambia watu, bila hata kuulizwa, kwamba suruali yangu haijawahi kupita thelathini na mbili.

"Umeiona?" shangazi aliuliza, chaki mkononi.

"Nimeiona. Kiuno tatu, nyonga nne."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Vizuri."

Nikaihamishia orodha kwenye faili jipya, mistari yote, bila kuruka hata mmoja. Karatasi ikatoka na thelathini na saba, na mkasi ukaanza kulia kwenye kitambaa.

Saa kumi Mwalimu Mkuu aliingia, na shangazi akamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Nguo ilikuwa bado imeshikizwa kwa nyuzi za muda, lakini pande mbili za mgongo zilikutana bila kuvutana. Akajigeuza mbele ya kioo, machozi yakimlengalenga.

"Thelathini na nne," alisema. "Tangu nianze kufundisha."

"Hujabadilika hata kidogo," shangazi alimjibu. Kisha akanigeukia mimi, uso mkavu. "Kama huyu kijana wetu."

"Thelathini na mbili," nilisema, nikavuta tumbo ndani.