Siku Tangi Liliposhuka Mteremko

Kila shule zikifungwa kwa likizo ndefu, Wangechi alijua nyumba yake ya Dundori haitaona kimya hadi Januari. Alikuwa na watoto sita wa kuzaa, na dada yake aliyekaa Section 58, kule Nakuru mjini, humletea wawili zaidi "wapate hewa safi." Hewa waliipata. Walipata pia viazi, maziwa, matope, na mahali pa kupigia kelele bila jirani kugonga ukuta. Wakawa wanane. Mkubwa alikuwa Wanjugu, msichana wa miaka kumi na sita aliyejiona naibu wa mama. Mdogo alikuwa Hiram, wa miaka minne, aliyejiona mkubwa wa wote. Wa katikati Wangechi aliwaita majina matatu manne ya makosa kabla ya kulipata la yule anayemtaka.

Disemba hiyo mumewe, Ndegwa, alinunua tangi la maji, jeusi, la lita elfu tano. Fundi wa kujenga msingi alisema atakuja Jumatatu. Ndegwa akalilaza kwa ubavu nyuma ya jikoni, pale malisho yanapoanza kuteremka, akaweka mawe mawili lisibingirike, kisha akaondoka na pikapu kupeleka maziwa.

"Nisione mtoto akigusa hilo tangi," Wangechi alisema.

"Hata na kidole?" Hiram akauliza.

"Hata na kidole."

"Na mguu?"

Kufikia saa nne asubuhi, hakuna mtoto ambaye hakuwa ameingiza kichwa kwenye mdomo wa tangi. Waligundua kwamba ukisema neno mle ndani, linarudi likiwa limenenepa. Hiram alisema, "Mimi ni chifu," na kwa kweli sauti iliyotoka ilikuwa ya chifu. Makhanu, binamu wao wa mjini, mvulana wa miaka kumi na mmoja asiyeishiwa na maneno, alitambaa akaingia mzima na kuanza kutoa matangazo kama ya kanisani.

"Bwana asifiwe! Yule mama aliyeacha ng'ombe wake kwa parking, tafadhali aende amwondoe. Amezuia gari la pasta!"

Walicheka hadi wawili wakaketi chini. Walipoinua macho, Wangechi alikuwa amesimama nyuma yao na mwiko mkononi.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu," likajibu tangi.

Wangechi alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu wa kucheka kwa kufunika mdomo. Alijitahidi asicheke. Makhanu akatoka akitanguliza miguu, mgongo wote mweupe kwa vumbi. Wangechi akainama, akachungulia ndani, akanusa.

"Kumbe tungekunywa maji na uchafu huu wote? Lazima lioshwe kabla ya Jumatatu."

Mikono minane ikainuka kabla hajauliza lolote.

"Ndiyo maana nitaingia mimi," alisema. "Nyinyi mkiingia mtatoka Krismasi."

Akajifunga leso kiunoni, akachukua brashi na ndoo ndogo ya maji ya sabuni. Kichwa kiliingia vizuri. Mabega yakaingia. Kisha Wangechi akakwama, miguu nje ikipiga hewa.

"Sukumeni!" sauti ikanguruma kutoka ndani. "Lakini kwa heshima!"

Walisukuma kwa heshima mpaka mama akatumbukia. Wakampitishia ndoo. Muda si muda wakasikia brashi ikikwaruza, halafu wimbo. Wangechi hakuwa mwimbaji, lakini mle ndani alisikika kama kwaya nzima, na ilionekana yeye mwenyewe ameligundua hilo, kwa maana ubeti wa pili aliuimba kwa nguvu zaidi, akiongeza madoido.

"Wanjugu!" aliita baadaye. "Huku chini nimemaliza. Toeni mawe, mlizungushe kidogo nifikie upande wa juu. Mlishike vizuri!"

Wanjugu alipanga kikosi chake. Wanne upande wa chini na yeye mwenyewe katikati, wengine watatu pembeni. Mawe yakatolewa. Tangi likajizungusha kidogo, taratibu, likasimama mikononi mwao.

"Hapo hapo," mama akasema. "Msiachilie."

Wakati huohuo sauti ya jirani yao, Mzee Mwaura, ikapanda kutoka ng'ambo ya ua.

"Mama Wanjugu! Mtamba wenu yuko kwa kabeji zangu! Anazimaliza!"

Ndani ya tangi Wangechi hakufikiri mara mbili. Alikuwa mama wa watoto wengi, na mdomo wake ulizoea kutuma kabla ya kichwa kupanga.

"Kimbieni!" alipiga kelele. "Wote! Mrudisheni mara moja!"

Watoto hawa hawakuwahi kutii kwa kasi namna ile. Wote wanane wakageuka wakakimbia, Wanjugu mbele, Hiram nyuma akiinua suruali. Walikuwa wamepiga hatua kama kumi Wanjugu aliposimama ghafla, akatazama viganja vyake vitupu.

"Haki! Mama!"

Tangi lilianza polepole, kama mzee anayeamka kitini. Kisha likashika mwendo, likawapita. Kwenye mdomo wake waliona mkono na brashi, kisha wakaona mguu, kisha mkono tena. Sauti ya mama ilikuwa inatoka vipandevipande.

"Wanju— shike— ndoo— woi— Makha— shikeni!"

Wakalifuata mbio, wakipiga mayowe. Mbuzi wakatawanyika. Yule mtamba mwenyewe, Sofia, aliinua kichwa kwenye kabeji, akaona kitu cheusi kinamjia kikiimba woi woi, akaruka ua na kurudi nyumbani bila kurudishwa na mtu. Mzee Mwaura, aliyekuwa na panga na rundo kubwa la nepia, majani ya ng'ombe, alilotoka kukata, alikitazama kitu kile kikija moja kwa moja kwake. Akatupa panga kando, akavua kofia, kisha akakimbia.

Tangi likapasua ua, likaingia kwenye rundo la nepia, likazama nusu, likatulia.

Povu lilichuruzika kutoka mdomoni. Watoto wakafika wakihema, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchungulia. Wanjugu alikuwa analia tayari.

"Mama?" aliita. "Mama, uko sawa?"

Hiram akamshika dada yake sketi. "Ameisha?"

Ndipo ikatoka sauti ndogo nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta. Ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, na tangi zima likaanza kutikisika. Wangechi alikuwa anacheka. Hakuwa anafunika mdomo. Alikuwa anacheka kama mtu anayefinywafinywa mbavu, na tangi linakichukua kicheko kile na kukifanya cha watu mia.

Alitoa kichwa chenye povu na jani la nepia. "Nilijaribu kutembea," alisema, machozi yakimtiririka. "Nikaona nikimbie. Halafu ndoo ikanipita. Ikanipita tena!" Akashindwa kumaliza.

Wanjugu alianza kucheka akiwa bado analia. Makhanu akaanguka kwenye majani. Wakamvuta mama nje, wakampapasa mikono na miguu. Alikuwa amekwaruzwa kiwiko na kupata nundu ndogo kwenye paji la uso, basi.

Mzee Mwaura alirudi taratibu, kofia mkononi.

"Mama Wanjugu," alisema, "nilikuja kuongea mambo ya kabeji."

"Nakusikia, mzee."

Alimtazama mwenyekiti wa akina mama, povu kwenye nywele, kiatu kimoja mguuni. Mdomo wake ukacheza. "Sasa nimesahau ni zipi."

Kulipandisha tangi hakukuwa kama kulishusha. Walisukuma watu kumi, Mzee Mwaura akihesabu moja, mbili, na kila wakifika tatu mmoja alikumbuka ndoo na wote wakaishiwa nguvu. Hatua tano mbele, mbili nyuma. Ndegwa alipofika na pikapu aliwakuta katikati ya malisho, wamelala kwenye nyasi kuzunguka tangi, hoi kwa kicheko.

"Nini kimefanyika hapa?" aliuliza.

"Tulikuwa tunaosha tangi," Hiram akasema.

Ndegwa akamtazama mkewe, akingoja maelezo ya mtu mzima. Wangechi akaelekeza kidole kwenye tangi, na kicheko kikamshika upya.

Hatimaye Ndegwa alileta kamba, pikapu ikalivuta hadi juu, na safari hii likazuiwa na mawe sita. Watoto wakasimama mbele ya mama, macho yasiyo na hatia, wapole kama kondoo, kila mmoja akitaka zamu ya kushuka nalo.

"Hata moja," Wangechi alisema. "Hiyo ni kazi ya watu wazima."

Kisha akaenda jikoni kuweka viazi motoni, na kwa dirisha wakamsikia akianza kucheka tena.