Hasira Hula Hewa

Siku ya kwanza ya mafunzo, Luling Sarmago alimtandika mwalimu wake ngumi ya pua chini ya maji. Ngumi ya majini haina haraka. Inakwenda kama barua ya serikali, lakini hufika. Pasyo aliiona ikija, akajua ni yake, na bado ikamkuta. Kosa lake lilikuwa kumwonyesha kwa ishara aingize maji kwenye miwani kisha ayapulize yatoke. Maji yalipomwingia puani, Luling hakutafuta pa kuyatolea. Alitafuta mtu.

Walipoibuka, damu ikimchirizika Pasyo mpaka kidevuni, mwalimu huyo hakumgombeza. Alimshikia kile kipimo kinachoning'inia kwenye mtungi wa hewa, akisome mwenyewe. Alikuwa ameingia na hewa ya mia mbili. Kwa dakika kumi na nane, kwenye kina cha mita tatu, alikuwa amebakiza ishirini.

"Dada Luling," alisema akijifuta, "kunipiga nipige tu, nimezoea. Ila huku chini hasira inakula hewa. Ukirudi juu na pungufu ya hamsini, cheti kisahau."

Sasa, kumwambia Luling apunguze hasira ni kama kumwambia jogoo wa kupiganisha apunguze kucha. Kwao ni Carcar, upande wa pili wa mkondo, na tangu ana miaka kumi na minne kazi yake ni kuchinja nguruwe na kuwabanika wazima. Mikono yake ni ya mpagazi wa bandarini. Mume wa kwanza aliondokea mlangoni. Wa pili, dirishani. Lakini ana miaka thelathini na mbili anasikiliza nguruwe wakilia kila alfajiri, na mteja mmoja alimwambia kwamba chini ya bahari hakuna anayelia. Neno hilo lilimkaa. Akafunga duka siku tano, akapanda meli hadi kisiwa cha Talisayon kama watu wa likizo, na kofia pana kichwani. Alitaka kile cheti kwa sababu mwenye cheti anaweza kuurudia ukimya ule siku yoyote apendayo. Asiye nacho hapewi mtungi.

Siku ya pili alirudi na thelathini. Siku ya tatu arobaini, na angepata zaidi kama kijana mmoja mtalii asingempiga teke la bahati mbaya, naye akamfukuza nusu ya ghuba kumrudishia.

Jioni ya siku hiyo ilikuwa mkesha wa sikukuu ya San Roque, mtakatifu msimamizi wa kisiwa. Kwa sikukuu hiyo kila nyumba hufunguliwa. Anayeingia analishwa, awe ndugu, mgeni au adui, na hakuna anayeulizwa jina kabla ya kuwekewa sahani. Luling alifuata meza kubwa kuliko zote, kwa Diwani Metring Labajo, mtu aliyehubiri kwenye kila mkutano kwamba bahari ni mama. Pasyo alimsindikiza mpaka langoni, akasema hana njaa.

Mezani palikuwa na samaki wakubwa kumi na wawili. Luling alivuta mmoja, na mkono wa mchinjaji ukajua kabla yake. Ngozi ilikuwa nzima, haina alama ya ndoana wala ya wavu. Ndani, uti wa mgongo ulikuwa vipande vitatu, nyama imelegea kama uji, na damu imeganda ukutani mwa tumbo.

"Huyu samaki kapigwa kabla hajafa," alisema, kwa sauti yake ya sokoni.

Diwani akacheka, akasema kumbe huko Carcar hata samaki huhojiwa, na wageni wakacheka naye. Mtu mmoja tu hakucheka: Ponso, mzamiaji wa Diwani, aliyekuwa amesimama karibu na mtungi wa tembo la mnazi. Alimtazama Luling kama mtu anayekisia uzito wa nguruwe.

Njiani kurudi, Pasyo alimwonyesha mkono wake wa kushoto, ambao una vidole viwili tu. Alimsimulia kwamba miaka tisa alikuwa mtu wa Metring, akirusha chupa za baruti baharini, na Ponso akishuka kuokota samaki waliopasuka. Chupa moja ililipuka kabla ya wakati. Ilichukua vidole vitatu na uhai wa mdogo wake wa mwisho. Alipokwenda kuwaambia walinzi wa bahari, walimsikiliza vizuri, wakamshukuru, na usiku huohuo Ponso akaja kumvunja mbavu mbili. Tangu hapo wakipishana husalimiana kwa mate.

Kesho yake, siku yenyewe ya sikukuu, ndipo Pasyo alipofanya kosa lake. Asubuhi hiyo walinzi wote wa bahari huvaa mashati meupe na kuibeba sanamu ya mtakatifu mabegani kuzunguka kisiwa, na hakuna jicho hata moja linalobaki majini. Kwa miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa siku yao kuu ya baruti. Pasyo aliijua kuliko tarehe aliyozaliwa. Lakini alikuwa na miaka saba ya ualimu, na mwalimu huiona siku kama ratiba. Luling alikuwa anaondoka kesho asubuhi, mbizi iliyobaki ilikuwa moja, bahari ilikuwa shwari. Mwizi akishaacha wizi, husahau kufunga mlango.

Waliondoka saa tatu kwa ngalawa ya injini, bendera nyekundu yenye mstari mweupe ikipepea kuonyesha kuna watu chini. Isko, nahodha, alibaki juu na sigara yake.

Na siku hiyo Luling alipata alichokifuata. Kwenye mita kumi na mbili, juu ya matumbawe yenye rangi za vitambaa vya sherehe, alisikia pumzi yake tu, ikiingia, ikitoka. Hakuna aliyelia. Dakika ishirini na tano zikapita na kipimo kikasoma mia moja na kumi. Pasyo alikiangalia mara mbili, akamwonyesha kidole gumba na cha shahada vimekutana: safi. Zoezi lilibaki moja, lilelile la ngumi: kuvua miwani kabisa, kuivaa, kupuliza maji yatoke.

Luling alipiga magoti mchangani nyuma ya jabali la matumbawe kubwa kama lori. Pasyo alielea mbele yake, juu kidogo, kichwa kikizidi jabali. Luling akavua miwani, akafumba macho.

Haukuwa mlio. Mlio husikika kwa masikio. Huu aliusikia kwa meno, kwa maini, kwa mifupa ya nyonga. Jabali lilimsukuma kifuani kama mlango uliopigwa teke. Alipofumbua macho aliona ukungu tu, na mchanga ukizunguka. Mwili wake wote ulitaka kumpiga mtu. Hakukuwa na mtu. Akapapasa, akaipata miwani imenasa kwenye kiwiko, akaivaa, akapuliza kwa pua kama alivyofundishwa.

Samaki walikuwa wananyesha. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wanatetemeka ubavu juu kama nguruwe aliyechinjwa vibaya. Katikati yao Pasyo alikuwa chali, kifaa cha kupumulia kimemtoka mdomoni, nyuzi mbili za damu zikimtoka masikioni. Kwenye kina hicho damu haiwi nyekundu. Ilikuwa ya kijani, kama maji ya mchicha.

Luling alimfikia kwa mateke matatu. Akamchomeka kifaa mdomoni, akabonyeza kitufe hewa ikaingia kwa nguvu, na Pasyo akakohoa, akavuta. Alikuwa hai, ila macho yake hayakuwa yakitazama popote. Kipimo cha Luling: tisini.

Ndipo alipoona mpira wa njano ukishuka kutoka juu, na mwisho wa mpira ule Ponso, ameung'ata kwa meno. Watu wa baruti hawana mitungi. Hewa wanasukumiwa na mashine ya kujazia matairi iliyoko kwenye chombo chao. Alivaa mapezi ya mbao aliyochonga mwenyewe, na mkononi alishika kulabu ya chuma na gunia. Alikuja kuokota samaki, akakuta watu.

Alimtazama Luling, akamtambua. Akamtazama Pasyo, akamtambua zaidi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na Luling aliisoma usoni mwake: kila sikukuu hukosi walevi wawili wa kuzama, na mashahidi waliozama hawahojiwi.

Ponso alianza na Pasyo, akamng'oa kifaa mdomoni. Luling akampiga teke la tumbo. Kulabu ikamjibu pajani, ikachana vazi na nyama pamoja. Maumivu yalikuja baadaye kidogo, kama mgeni aliyechelewa. Ponso akamkamata miwani na kuivuta, maji yakajaa, na Luling akaachia ngumi kama ile ya siku ya kwanza, akaachia na nyingine, na zote mbili zikafika zimechoka. Alikuwa anahema kama kiriba cha mhunzi. Alikiinua kipimo mpaka karibu kugusa jicho: sitini.

Kisu kilikuwa mguuni mwake. Akakichomoa, na mkono wa kushoto ukamshika Ponso nywele, kichwa kikainuka, na vidole vikapajua mahali bila kuambiwa: upana wa vidole viwili chini ya taya. Alishafanya hivyo mara elfu kadhaa. Ponso naye akapajua, maana alianza kurusha mikono ovyo, na macho yake yakawa macho ambayo Luling aliyaona kila alfajiri ya maisha yake. Kelele tu ndiyo haikuwepo.

Pasyo, pembeni, alikuwa anazama taratibu, mdomo wazi.

Hasira inakula hewa. Luling akakiachia kisu kianguke. Akaushika ule mpira wa njano kwa mkono wa kulia, akaukunja mara mbili, akaufinya kwenye ngumi, kama anavyokunja utumbo anapojaza soseji. Mkono wa kushoto ukarudisha kifaa kwenye mdomo wa Pasyo na kukishikilia hapohapo. Kisha akatulia, akahesabu pumzi zake mwenyewe.

Ponso alivuta, hakupata kitu. Alimpiga kwa mpini wa kulabu begani. Luling akahesabu moja. Akampiga shingoni, mbili. Akampiga kichwani, miwani ikapasuka kioo kimoja, tatu. Kabla ya nne Ponso aliutema mpira, akatupa kulabu, akalifuata jua kwa mateke ya mbao, mapovu yakimtoka mdomoni mfululizo. Anayetoa mapovu akipanda mapafu hayampasuki. Luling alijua kwamba hatakufa, akasikitika kidogo.

Arobaini. Alimkamata Pasyo kwa mkanda wa mtungi, akaanza kupanda, naye hakulipita hata povu dogo kuliko yote, kama sheria ya uzamiaji inavyotaka, ingawa kila mshipa wake ulitaka kukimbia. Paja lilivuja njia nzima. Thelathini. Ishirini. Alipumua kama mtu anayekunywa mchuzi wa moto.

Walipoibuka, Isko alikuwa amesimama kwenye ngalawa na kasia lililovunjika nusu, mdomo umejaa damu. Watu wawili wa Metring walikuwa wamemrukia waikate bendera. Mmoja aliondoka na mkono uliovunjika, na Isko alibaki bila meno ya mbele. Chombo chao kilikuwa tayari kinakimbia kimembeba Ponso. Isko aliwavuta ndani, halafu bila kuulizwa akachota samaki mmoja aliyeelea, mkubwa, akamtupa miguuni pa Luling.

Zahanati walimshona nyuzi kumi na moja. Pasyo, walisema, ataishi. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia huenda likarudi. Luling aliwasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua samaki wake, akatoka akichechemea na vazi lake lililochanika mpaka kwa Diwani.

Msafara ulikuwa umekwisha na meza imejaa. Padri alikuwepo, na walinzi wa bahari sita kwa mashati yao meupe, wakila. Diwani alimwona mlangoni, uso ukambadilika, lakini sikukuu ni sikukuu.

"Karibu, dada," alisema. "Mpeni sahani."

Luling aliipokea. Akamlaza samaki juu yake, akaazima kisu cha kukatia nyama, akampasua kuanzia mkiani mbele ya wote, akauinua uti wa mgongo uliovunjika vipande vitatu. Kisha akawageuzia walinzi paja lake, akawaambia kulabu iliyofanya hivi ni ya nani, na kwamba mwenyewe, kwa kuwa zahanati hakuletwa, kama hajakosea analala jikoni humu anakohoa maji. Kutoka jikoni mtu akakohoa.

Diwani akaanza kusema kwamba bahari ni mama. Luling alimpiga kwa samaki, shavu la kulia, halafu la kushoto, mpaka samaki akabaki kichwa tu. Kisha akampiga ngumi. Nchi kavu ngumi haichelewi, na hewa ni ya bure. Diwani alikwenda na kiti chake mpaka kwenye nguruwe wa kubanikwa, wakaanguka pamoja. Walinzi, ambao miaka yote hawakuwahi kuona kitu, hawakuweza kusema kwamba hili hawakuliona. Ilibidi wanyanyuke, na padri ndiye aliyewaonyesha mlango wa jikoni.

Pasyo alimsikia akiingia zahanati, au labda aliona kivuli. Alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefungwa, na kijitabu cha mafunzo magotini. Alimgeuzia ukurasa. Kwa mwandiko uliopinda alikuwa ameandika: mita kumi na mbili, dakika arobaini na moja, imebaki kumi. Hajafaulu.

Luling aliusoma mara mbili. Akainama kwenye lile sikio lenye matumaini.

"Na aliyokula Ponso je, haitolewi?"

"Ponso hakula," Pasyo alijibu kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wote wapya. "Ngumi mbili zile za mwanzo. Hata nikiwa nusu maiti niliziona. Umekula wewe."

Luling alikunja ngumi. Pasyo akafunika pua kwa vidole vyake viwili. Kisha Luling akavuta kiti, akakaa na mguu wake ulioshonwa ukiwa umenyooka, akauliza masikio hupona baada ya wiki ngapi.