Gari la Kulala Mama Aminieli

1.

Mume, Eliamani, anasema:

Tangu tumzike Aminieli, mwanetu wa pekee, mke wangu halali ndani ya nyumba. Anakaa barazani mpaka kunakucha. Nikaona nimtafutie nyumba yenye magurudumu, tuondoke nayo. Nimestaafu, na kuendesha naweza.

Mimi?

Mimi sijambo.

2.

TANGAZO KWA WATEJA
Yadi ya Magari ya Kulala, Arusha. Mteja anaruhusiwa kujaribu gari kabla ya kununua. Gari lirudishwe likiwa safi. Yadi haitahusika na... [karatasi imechanika hapa]

3.

Eliamani, kuhusu gari la kwanza, lenye hema juu ya paa:

Tulilijaribu Mto wa Mbu. Mke wangu, Ndeshi, alipanda ngazi kidogo, akashuka, akasema magoti yamekataa. Nikalala juu peke yangu. Asubuhi nilimkuta ameketi chini ya ngazi, amejitanda khanga.

Tukalirudisha.

4.

Ndeshi, mke, kuhusu trela:

Ilikuwa nzuri. Jiko, meza, mapazia. Muuzaji alitufungulia kila kabati. Juu ya kitanda chetu kulikuwa na kingine, kifupi. Akasema hicho ni cha mtoto.

Mume wangu akasema asante.

Nilikifunika kwa pazia. Sikulala.

5.

Muuzaji, akimnong'oneza mwenzake yadini:

"Hawa wazee hawabishani, hawacheki, hata bei hawaulizi. Sijui wanatafuta gari au wanatafuta nini."

6.

Eliamani, kuhusu gari la tatu:

Basi dogo kuukuu, lililong'olewa viti na kuwekewa godoro. Tulilipeleka Karatu. Hakulala. Asubuhi tukaanza safari ya kulirudisha, yeye akajinyoosha nyuma.

Tukiwa njiani nikasikia pumzi zake zimekuwa nzito.

Amelala.

Kwenye njia panda ya Makuyuni nikazima injini, nikaona anajigeuza, kope zinacheza. Nikawasha upesi. Akatulia.

Kushoto ni Arusha, yadini.

Nikakata kulia.

7.

Wewe unayesoma, soma

     polepole,

          kimoyomoyo.

8.

Muuzaji alipiga simu kuuliza gari liko wapi, na kama mzee ameshaamua. Eliamani alijibu kwa sauti ya chini, bila kupunguza mwendo:

"Bado tunajaribu."

9.

Ndeshi:

Niliamka tulipopita Babati. Macho sikuyafumbua.

Mume wangu hakutoa chozi makaburini. Watu walimsifu kwa hilo. Sasa alikuwa anaongea peke yake, taratibu, kama anayemwonyesha mtu njia.

"Ule ndio mlima Hanang, Aminieli. Nilikuahidi nitakuleta, nikawa nasema mwakani, mwakani."

Sauti ikamkatika. Akavuta kamasi. Gari likayumba kidogo, likakaa sawa.

Akaendelea kumweleza: mashamba ya alizeti, ng'ombe wanaovuka barabara, wingu lililokaa kileleni. Katesh ikapita. Mbele ni Singida, na baada ya Singida sijui.

Nimelala kimya, nimefumba macho, asije akanyamaza.