Tyubu ya Mama Wamucii

Watu wa Eldoret wana dhana moja inayonitia hasira mpaka leo, kwamba tyubu ya picha ni kama balbu: unatoa hii, unaweka ile, unawasha, unaenda zako. Mteja anakuja na televisheni aliyoivunja mwenyewe, ananionyesha nyingine mbovu aliyoinunua Cheptiret, ananiambia niunganishe hizo mbili nipate moja nzima na yeye atarudi akishakunywa chai. Mimi Murunga nilianza ufundi mwaka wa sabini na moja, na tangu hapo narudia maneno yale yale. Pini za shingo ya tyubu zikubaliane na soketi. Umeme wa kuipasha moto ndani uwe ule ule unaotolewa na chasisi, yaani mitambo ya televisheni yenyewe. Na ile koili inayovaliwa shingoni, inayoitandaza picha ijae kioo, ikikataana na chasisi utaona moshi kabla hujaona picha.

Desemba ya themanini na saba niliyasema hayo mbele ya mtu ambaye sikupaswa kumwambia chochote. Mwenyekiti Kimeli, mkubwa wa Chama pale mjini, enzi zile chama kikiwa kimoja tu nchini, aliniletea televisheni ya rangi ya ofisi yake. Vijana wa Chama walikuwa wameiangusha wakiishusha kwenye lori, na shingo ya tyubu ikakatika. Nasema vijana kwa heshima tu, maana mdogo wao alikuwa na wajukuu wawili. Mwenyekiti alitaka televisheni iwe tayari kwa Jamhuri Dei, siku tano zijazo, kwa sababu alikuwa ametangaza kwamba wananchi watatazama gwaride la Nairobi uani kwa ofisi yake. Nikamweleza habari za pini, soketi na koili, nikijiona profesa. Halafu, kwa kiherehere changu, nikaongeza kwamba mji mzima una tyubu moja tu inayoweza kuoana na chasisi ile, nayo iko ndani ya mashine ya mchezo ya Mama Wamucii.

Mama Wamucii alikuwa mjane aliyeacha viazi vya Burnt Forest akakodi chumba karibu na mtaa wa West Indies, akaweka mashine tatu za video za kutia shilingi. Mbili zilikuwa zimekufa kwa kukosa vipuri. Iliyobaki, ile ya kupiga ndege za angani, ndiyo iliyomlisha. Barua ya Chama ya kumruhusu kupata leseni mpya ilikuwa imelala mezani pa Mwenyekiti kwa miezi mitatu, eti michezo inaharibu watoto wa shule. Sasa Mwenyekiti akapata njia. Akitoa tyubu, barua itatiwa sahihi mbele ya watu siku ile ile ya sikukuu. Asipotoa, chumba kifungwe mwaka mpya.

Alikataa siku nne. Asubuhi ya sikukuu yenyewe akaniita niende kuitoa. Alisimama kando akinitazama nikifungua skrubu, na nilipoibeba akaifunika kwa blanketi la kitandani kwake.

"Fundi, hii kioo ndio shamba yangu," akasema. "Ukiichoma, mimi narudi Burnt Forest kupalilia viazi ya wifi yangu. Umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia. Sikuweza kumtazama usoni, kwa maana mdomo uliomtaja ulikuwa huu wangu.

Nilifanyia kazi uani kwa ofisi ya Mwenyekiti, vijana wa Chama wakinipulizia moshi wa sigara kisogoni na kuniuliza kila dakika kama bado. Pini zilikubali. Koili ya Mama haikupatana na chasisi ya Chama, kwa hiyo nikaiweka kando, nikavua ile ya tyubu iliyovunjika nikaivisha tyubu ya Mama. Waya zake nne zilikuwa zimeng'oka siku ile ya lori, nikaziunga nikitegemea kichwa changu. Nikawasha. Stesheni ilikuwa haijaanza, zikatokea chengachenga tu, lakini zimejaa kioo chote, kona kwa kona, bila moshi wala harufu. Nilifurahi sana. Chengachenga hazina kichwa wala miguu, na hilo sikulifikiria.

Saa nne kasoro gwaride likaanza, ua umejaa mpaka kwenye kuta. Askari wetu walitokea wakitembea juu ya mbingu, buti juu, kofia chini, bendera ikining'inia kama nguo iliyoanikwa. Nilikuwa nimeunga waya mbili za koili kinyume. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Watu mia tatu walinyamaza. Ungedhani mtu angecheka, lakini miaka ile mtu alifikiria kwanza ni nani aliyeketi nyuma yake. Kusema mwanajeshi amepinduka, miaka mitano tu baada ya wanajeshi kujaribu kupindua serikali, ni kusema nini hasa, na utasemea wapi? Mwenyekiti akaanza kupiga makofi. Ua mzima ukapiga makofi. Mwalimu Paul, aliyekuwa ameombwa awasomee wazee maandishi ya mabango, aliinamisha shingo upande mmoja, kisha upande wa pili, akasema maandishi ni mazuri sana.

Mwenyekiti akaniita kwa kidole.

"Fundi, hii TV iko sawa?"

"Wewe Mzee unaionaje?"

Akafikiri. "Mimi naiona sawa."

"Basi iko sawa, Mzee."

Baada ya robo saa akapata akili. Akatangaza kwamba jua linaingia kwenye kioo, vijana waigeuze kidogo. Wakaigeuza, miguu ya televisheni ikatazama juu. Sasa askari walisimama wima kama watu, ila kila mmoja alipiga saluti kwa mkono wa kushoto, na mabango yakasomeka kinyumenyume. Mwalimu Paul akasema anaenda msalani na hakurudi. Tulishangilia jeshi la mashoto kwa saa mbili nzima. Mwisho wake Mwenyekiti, jasho likimtoka, akatia sahihi barua ya Mama Wamucii mbele ya watu, kama alivyoahidi.

Siku tatu baadaye akaniita ofisini. Televisheni ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, miguu juu. Kuitumia hawezi. Kuipeleka itengenezwe hawezi pia, maana fomu ya Chama inataka uandike kasoro ilikuwa nini, ilianza lini, na nani alikuwepo. Akasema ofisi haina nafasi, na kwamba kioo ni cha mama fulani, nikirudishe.

Nilikirudisha siku hiyo hiyo. Nikakivisha koili yake mwenyewe, waya nikazikagua mara tatu, na ndege za angani zikatokea zikiruka zinakotakiwa kuruka. Mama Wamucii hakuzitazama. Alifunga mlango, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia mji wote unajua Murunga hawezi kukosea waya, na kwamba mtu wa kuhatarisha shingo yake hivyo, akikiaibisha Chama kwa ajili ya mjane, hajawahi kumwona.

Nikaogopa. Maneno kama hayo yalikuwa yakipeleka watu mahali ambapo hawarudi wakiwa wazima.

"Mama, nilikosea," nikamwambia. "Ukweli wa Mungu. Sikufanya makusudi."

Aliniachilia mkono. Uso ulimshuka.

"Sitaambia mtu," akasema. "Lakini mimi usiniambie ulikosea. Hii mji yote ilipiga makofi, hata mimi nilipiga. Wacha nijue kulikuwa na mtu mmoja aliyethubutu."

Nilikusanya bisibisi zangu nikatoka. Nimekosea mara nyingi katika ufundi wangu, na makosa yote hayo yaliniudhi kwa sababu yalikuwa makosa. Lile peke yake ndilo lililonitia aibu kwa sababu sikulifanya kusudi.