Mtu wa Kumi Mlangoni

...na hata hilo neno "mpinzani" aliondoe, alifikiri Murray Zelnick, aliondoe kabisa, mtu haendi kwenye matanga na neno kama hilo mdomoni, "Dora, Leo alikuwa mpinzani niliyemheshimu kuliko wote," hapana, hiyo ni tahariri, si rambirambi, ameitunga kwenye treni tangu Washington na kuikatakata hadi New York, na sasa amesimama kwenye ukumbi wa ghorofa ya tisa, kisanduku cha keki za mdalasini mkononi, kofia ndogo ya sala kichwani, na mlango wa marehemu Leo Wachtel uko mbele yake, umeegeshwa tu, kwa sababu mlango wa matanga haufungwi, anayekuja habishi hodi, anausukuma, anaingia, anakaa kimya, basi... usukume, mzee, una miaka themanini na minne, utausukuma lini, lakini ndani wanazungumza, na punde watamzungumzia yeye. "Tuko tisa," hiyo sauti ngeni, changa, bila shaka ni rabi, "jana si mlikuwa wengi?" "Jana hakukuwa na besiboli," na huyo ni Sid Kornbluth, Murray angemtambua hata chini ya maji, katibu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ile sauti aliyoizoeza kushindana na cherehani, "rabi, nikuulize, huyo Mungu wako hawezi kuchukua wasoshalisti tisa kwa bei ya kumi?" Wakacheka, kicheko cha wazee, kinachoishia kwenye kikohozi. "Kadishi, sala ya marehemu, haisomwi bila wanaume kumi, mzee wangu, si mimi niliyeweka sheria hiyo." "Na mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka hamsini na minane, sihesabiwi?" Dora, sauti yake imepungua, au ni mlango... "Bibi Wachtel..." "Basi, basi, nimesikia. Lakini jua linazama, na Joel kesho anarudi Seattle, nataka mwana amsomee baba yake, mara moja tu, nisikie." Na Leo angesema nini, Leo aliyekula nyama ya nguruwe siku ya mfungo mkuu, makusudi, dirishani, ili mtaa mzima wa Bronx umwone, Leo angesema niacheni nilale, halafu angemtazama Dora na kusema, haya, mpeni anachotaka. "Mlinzi wa chini kanipigia," Dora huyo tena, "kasema Murray Zelnick anapanda." Mtu akaweka kikombe. "Anapanda tangu saa ngapi? Labda lifti imekwama." "Imekwama?" Sid. "Murray? Nchi za watu anaingia bila hodi, na vifaru, leo kashindwa na lifti?"

Wakacheka tena na Murray naye karibu acheke, ilikuwa nzuri, Sid siku zote alikuwa na ulimi, na hapo ndipo angeingia, sasa hivi, akiwa na jibu, majibu ya Sid anayo tangu chuo, tangu kile chuo cha bure cha jiji ambako watoto wa washona nguo walikula mkate na yai kwenye kantini, waliompenda Stalin kwenye kona yao, waliomchukia kwenye kona hii, na Leo akihutubia mdomo umejaa, yai kwenye kidevu, mapinduzi yatafika kabla ya mitihani ya Juni, na Murray akiamini, ndiyo, aliamini kuliko Leo, Leo alikuwa akicheka katikati ya hotuba zake mwenyewe, Murray hakucheka, pengine tofauti yote ilianzia hapo, si 1968, ingawa yeye huwaambia vijana wa taasisi yake ya siasa kule Washington kwamba ilianza 1968, duka la baba limevunjwa kwenye ghasia, sufuria zimetapakaa hadi barabarani, wamechukua hata mizani, na Leo amesimama juu ya vioo akisema umaskini ndio uliolivunja duka hili, na yeye akasema umaskini una mikono, Leo, nimeiona... wakaendelea kuzungumza, hilo watu hawajui, miaka yote hiyo waliendelea kuzungumza, Leo alibaki kwenye magazeti yake yenye wasomaji mia nane, Murray akahamia kwa wale walioitwa wahafidhina mamboleo, jina walilobandikwa kama tusi nao wakalichapisha kwenye kadi za mwaliko, na kila alipopita New York alikula hapa, nyuma ya mlango huu, viazi vya Dora, wakipigana hadi Dora anazima taa ya jikoni. Nchi za watu anaingia bila hodi... na je, Sid, ilipokuwa zamu ya shangazi zangu, Fruma na Gitl na mdogo wao Perl, kule Bialystok, mikononi mwa Wanazi, nani aliingia? Wakubwa wa dunia walisimama mlangoni, wanasikia vilio, wakaona si adabu kuingia nyumba ya mtu. Hilo ndilo alilojifunza, hakujifunza lingine, kuna milango ya kuvunja, na mwenye nguvu anayengoja kukaribishwa ni mshiriki wa muuaji, ameliandika kwa kila namna, ameliandika kuhusu Bosnia na alikuwa sahihi, hata Leo alikiri kuhusu Bosnia, na alipoliandika kuhusu Iraki... tok. Ndani, kwenye mbao za sakafu, tok, halafu unyayo, halafu tok, na Murray akajikuta amekishika kile kisanduku kwa mikono miwili, kwa sababu hakuna mwingine katika nyumba hii anayetembea hivyo, kwa mguu wa bandia, tangu arudi kutoka Iraki.

"Akiingia yeye, mimi natoka," Micah alisema. Mjukuu wa Leo, mtoto wa Joel, zamani alikuwa akimkimbilia mlangoni hapahapa, anko Murray, umeniletea nini. "Basi tutarudi kuwa tisa," rabi akasema, taratibu, kama mtu anayeona mchezo wa karata umeharibika. "Micah," hiyo ni sauti ya Joel, imechoka, "ni kwa ajili ya babu yako." "Babu angenielewa. Siku niliyojiandikisha jeshini aliniuliza nani kakutuma, nikamwambia anko Murray kasema. Hakunijibu. Unajua babu kukosa jibu?" "Kijana, kaa chini," Sid, "na uvue hiyo kofia nyekundu ya kampeni ndani ya nyumba ya Leo, babu yako hajapoa kaburini. Mgombea wako huyo anataka kufunga milango yote na kutupa ufunguo. Baba yake Leo, mhamiaji, asingeshuka melini!" "Angalau amesema vita vya Iraki vilikuwa uongo. Jukwaani, Sid, kwa sauti, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilikuwepo. Nyinyi mlisema mkiwa na mabango barabarani na mimi niko kule, ikanisaidia nini? Huyu kasema na waliopiga makofi ni watu wenye miguu kama wangu." Hakuna aliyecheka. Murray aliiona hotuba hiyo kwenye televisheni, peke yake, sauti ameipunguza, na alichokitazama si mgombea, ni makofi, chama kizima alichokihamia utu uzimani, kikishangilia kuambiwa kwamba yeye, Zelnick, aliwadanganya, na asubuhi yake pale kwenye taasisi wale vijana wa kodi-ndogo-serikali-ndogo hawakumwekea kiti, vita kwao ni gharama tu, na wahafidhina wa zamani, wale wa makanisa meupe na mashamba, hawakupata kumhesabu, walimvumilia kama mpangaji, na mwezi ujao atapiga kura na Sid, dhidi ya chama chake mwenyewe, sanduku moja na Sid Kornbluth! Alipogundua hilo, mtu pekee aliyetaka kumwambia ni Leo, aliinua simu, akairudisha, akasema ngoja uchaguzi upite, Leo atanicheka kupita kiasi, ngoja... na Leo hakungoja.

Jibu la Micah pia analo, hilo ndilo la ajabu, ana majibu ya kila mtu aliye nyuma ya mlango huu, miaka kumi na tatu amekuwa akimjibu kijana huyu bafuni, garini, Micah, kama tungepeleka askari wa kutosha tangu mwanzo, kata hiyo, Micah, nia ilikuwa njema, kata, Micah, hata sasa siamini kwamba kumwacha yule dikteta, kata, ingawa kweli haamini, haamini hata leo, Micah, nilipoteza nami, kata, kata, ulipoteza nini wewe, kiti kwenye taasisi? Alipunguza maneno kama alivyofundishwa gazetini ujana wake, ondoa lisilobeba mzigo, na akaona yanakwisha, yote, hata lile la Dora la kwenye treni, na chini yake kukabaki swali la Leo. Majira ya baridi, kabla ya vita, meza ileile. Leo alikuwa amemsikiliza hadi mwisho, bila kucheka, akasema, sawa, Murray, tuseme unavunja mlango, tuseme una haki, mimi pia nilikuwa na shangazi, nikuulize kitu kimoja, kesho yake asubuhi nani atafagia? Na Murray alijibu, Mungu wangu, alijibu mpaka viazi vikapoa, Ujerumani, Japani, tabaka la kati la Baghdad, alikumbuka kila kipengele, kilichapwa baadaye, lakini kitu ambacho hakukikumbuka, hadi sasa, kwenye ukumbi huu, mikono ikinuka mdalasini, ni kwamba Leo hakuwa akimtazama yeye. Leo alikuwa akimtazama Micah. Kijana wa miaka kumi na tisa, uma umesimama hewani, anamsikiliza anko Murray kwa macho yale aliyokuwa nayo Murray kantini, macho ya yule asiyecheka. Nani atafagia... na jibu lilikuwa limekaa hapohapo mezani, likila viazi, na Leo aliliona, ndiyo maana aliuliza, na yeye aliyehutubia hadi taa ikazimwa hakuliona. Hilo halikufuta habari ya Bialystok. Alingoja aone kama litaifuta, halikuifuta, kuna milango ya kuvunja, bado... ila alijaribu kukumbuka ni lini maishani aliuliza kitu kisha akasubiri ajibiwe, akashindwa. "Dakika chache zimebaki," rabi akasema. "Bado tisa," akasema Dora, si kwa mtu yeyote. Murray alihamishia kisanduku mkono wa kushoto. Mlango ulikuwa wazi, angeusukuma kwa kidole, mila ilimruhusu, mila ilimtaka, akakunja ngumi ya mkono wa kulia na kubisha, mara tatu, polepole. "Nani tena huyo anapiga hodi kwenye matanga?" Sid aliuliza. "Hajafunzwa kwao?" Halafu tok, unyayo, tok, ikija mlangoni, ikasimama upande wa pili wa ubao, karibu kiasi cha kusikia pumzi, na Murray Zelnick, bila sentensi hata moja tayari, hakugusa mlango, akangoja.